Mpiga ritungu hapimwi kwa kasi ya vidole

Ritungu, ala ya muziki ya Wakurya wa Tarime na Serengeti, lina nyuzi 8, tumbo la mbao lililowambwa ngozi na sauti nzito ya chini. Kasi ya vidole huvutia haraka, lakini ni kipimo hafifu. Mpigaji kwa kawaida ndiye mwimbaji: husifu ng'ombe, hutaja koo, hata humtania aliyeketi mbele yake. Hapo ndipo ustadi mkubwa unapoonekana. Mzunguko ule ule wa nyuzi unajirudia, naye anaupunguza neno linapokuja, kisha anaujaza anapovuta pumzi. Anayezifunika sifa za watu kwa mbwembwe za vidole amepiga vibaya, hata kama hajakosea uzi mmoja.

Pia husikilizwa rangi ya sauti, ulinganifu wa nyuzi na namna anavyowasoma wachezaji: akiongeza mwendo kabla hawajawa tayari, ngoma inapoa.

Wapenzi wa roki ya Uingereza hutoa hoja kama hiyo kuhusu David Gilmour wa Pink Floyd, ambaye gita lake husifiwa kwa noti chache zinazoachwa zivume. Ayub Ogada wa Kenya naye aliipiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa utulivu katika albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo.