Fashifashi ya Harusi Nayo ni Baruti

Ukanda wa kutoka Mwadui hadi Geita umeizoea baruti. Kuna almasi ya Mwadui, ambako Mkanada John Williamson alifika kwenye mwamba wake mwaka 1940. Kuna dhahabu ya Bulyanhulu na ya Geita, na kuna maduara ya wachimbaji wadogo ambako nyundo peke yake haifui dafu. Pengine ndiyo maana kamati ya harusi ya Songwa, wilayani Kishapu, inaweza kupanga maharusi wapokewe kwa fashifashi na asiwepo hata mjumbe mmoja wa kuuliza habari ya kibali. Mahali ambapo nusu ya wajomba wamewahi kushika baruti ya kazi, ile mirija ya karatasi za rangi inaonekana kitu cha watoto.

Sheria haiko upande wa wajomba. Vilipuzi vya kiraia Tanzania vinasimamiwa na Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, Sura ya 45, iliyo chini ya wizara yenye dhamana ya madini na kutekelezwa kupitia Tume ya Madini. Sheria za namna hii katika nchi zilizotawaliwa na Mwingereza zina babu mmoja, Sheria ya Baruti ya Uingereza ya mwaka 1875, na babu huyo alizitaja fashifashi waziwazi katika tafsiri ya neno baruti, pamoja na roketi na tambi. Forodhani ni hivyohivyo. Katika mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa, baruti za migodini zina namba 3602, kapsuli za kuzilipua 3603, na fashifashi 3604. Umoja wa Mataifa nao, kwa upande wa usafirishaji, unaziweka zote katika daraja la 1 la bidhaa hatari. Katoni ya fashifashi ndogo kwa kawaida huwa katika kundi la 1.4, lakini mabomu makubwa ya maonesho hupanda hadi 1.3, na mengine 1.1, kundi lilelile la baruti ya kupasulia mwamba.

(Nasema fashifashi kwa makusudi. Kwa mchimbaji, fataki ni ile kapsuli inayoamsha baruti, na mtu wa Maganzo akiagiza kwa simu "katoni ya fataki" anaweza kuletewa kesi badala ya sherehe.)

Kwa hiyo anayetaka kurusha fashifashi hana kibali kimoja cha kutafuta. La kwanza ni mzigo wenyewe: umeingiaje nchini, na anayeuuza ana ruhusa? Hapo anayehusika ni Tume ya Madini, na ofisi za Maafisa Madini Wakazi ziko Shinyanga, Kahama na Geita. Mwenye sherehe hana haja ya kwenda kuomba kibali cha kuagiza kontena. Anachohitaji ni kumwambia muuzaji atoe karatasi zake kabla ya kupokea malipo ya awali. Muuzaji anayejibu kwamba "hizi ni za kawaida tu, hazina shida" ameshajibu.

La pili ni kitendo cha kurusha, na hilo ni la polisi. Kila Desemba makamanda wa mikoa huwakumbusha wananchi kwamba ni marufuku kulipua fashifashi bila kibali, na huunganisha katazo hilo na lile la kuchoma matairi barabarani. Barua huandikwa kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na ni vizuri ipite kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata. Iseme siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, uwanja, idadi ya watu wanaotarajiwa, aina na wingi wa fashifashi, na jina la atakayeziwasha. Barua isiyomtaja mwashaji haijasema kitu, kwa sababu yeye ndiye atakayetafutwa. Mtendaji aulizwe pia kuhusu sheria ndogo: Sura ya 287, yaani Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, inazipa halmashauri za wilaya na hata za vijiji mamlaka ya kujitungia za kwao, na kijiji kimoja kinaweza kuwa na masharti ambayo jirani yake hana.

Kumpitia mtendaji kuna faida nyingine ambayo haimo katika karatasi yoyote. Hii ndiyo nchi ya sungusungu, walioanza huku Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980. Milipuko mfululizo saa tano usiku, bila taarifa, ni filimbi, yowe na vijana wenye rungu getini. Ni bora wawe wamealikwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona tunalitazama kwa kalenda isiyo yetu. Matangazo ya polisi hutolewa Desemba kwa sababu ya Krismasi na Mwaka Mpya. Lakini Desemba ya Shinyanga kwa kawaida imeshapata mvua, na nyasi ni mbichi. Harusi zetu nyingi hufungwa baada ya mavuno, kuanzia Juni, familia zinapokuwa na fedha, na hiyo ndiyo miezi ambayo ardhi imekauka kabisa. Kishapu ni wilaya ya pamba. Katika miezi hiyo pamba imelala majumbani au imerundikwa kwenye maghala ya vyama vya ushirika ikingoja kupimwa na kusafirishwa. Kuna nyumba na maboma yaliyoezekwa kwa nyasi. Na kuna ngitili, malisho yaliyofungwa makusudi ili ng'ombe wapate nyasi kavu hadi mvua zirudi. Mkoa huu uliwahi kusemwa kuwa unageuka jangwa. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulitumia miaka mingi kuzirudisha ngitili hizo kwa kushirikiana na wanavijiji, na mwaka 2002 ukapata Tuzo ya Ikweta. Roketi moja inayoshuka na mkia wa moto inatosha kula akiba ya ng'ombe wa ukoo mzima. Kwa hiyo, kama ningekuwa mwenye kuweka saini, kibali cha Agosti ningekitoa kwa mkono mzito kuliko cha Desemba, na nisingekitoa kabisa siku ya upepo.

Umbali nao hupimwa kwa mita, usikadiriwe kwa macho. Uingereza fashifashi zina madaraja manne: za daraja F2 watazamaji hukaa angalau mita 8, za F3 mita 25, na F4 haziuzwi kwa mtu wa kawaida, ni za wataalamu peke yao. Bomu la inchi 3, ambalo hupanda kiasi cha mita 90 kabla ya kupasuka, Marekani hutakiwa watazamaji wawe zaidi ya mita 60 kutoka kwenye mrija, kwa kanuni ya takriban mita 21 kwa kila inchi. Uwanja wa nyumbani Songwa, wenye turubai, jiko la nje na magari ya wageni, unaweza kumudu F2. Bomu la inchi 3 liende uwanja wa mpira.

Je, mjomba mwenye cheti cha ulipuaji hawezi kuwa mwashaji? Ana sifa nzuri moja: anajua kwamba kilichogoma hakifuatwi. Fashifashi ikikataa kuwaka haiinamiwi wala haiwashwi mara ya pili. Huachwa kwa muda mrefu, kisha huzamishwa ndani ya ndoo ya maji. Lakini cheti chake ni cha mgodini. Hakimpi ruhusa ya kuleta kipande cha baruti na kapsuli "kuchangamsha sherehe". Baruti ya mgodi ina leseni, ghala na daftari lake, na ikionekana kwenye harusi mwenye leseni naye ataulizwa ilitokaje. Mjomba anayejitolea hivyo apewe kazi ya kugawa soda.

Ukumbini ndiko kwenye hatari ambayo watu wengi hawaihesabu, kwa kuwa zile chemchemi za cheche za kando ya keki hazina kishindo. Cheche zake ni vipande vya metali vinavyowaka, na juu yake kuna mapambo ya vitambaa. Mwezi Septemba 2023, mjini Qaraqosh nchini Iraq, fashifashi zilizowashwa ndani ya ukumbi wa harusi zilishika mapambo ya dari, na zaidi ya watu 100 wakafa. Aulizwe mwenye ukumbi: milango mingapi inafunguka usiku wa sherehe, na mtungi wa kuzimia moto uko wapi? Namba ya Zimamoto ni 114, ila kwa umbali wa vijijini kwetu maji na mchanga viwe tayari kabla ya kiberiti.

Wala si lazima moto uguse mtu. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, katika jengo la maduka la Freedom City jijini Kampala, watu walisukumana wakati wa fashifashi za Mwaka Mpya, na waliokufa walikuwa tisa au zaidi, wakiwemo watoto. MC wa Songwa anayewaambia wageni wote watoke nje kwa pamoja wakatazame angani awe amehesabu milango kwanza.

Zilizobaki zirudishwe kwa muuzaji siku inayofuata, na hilo liwe limeandikwa kwenye makubaliano. Kuzificha chini ya kitanda hadi harusi ya mdogo mtu ni kuhifadhi baruti nyumbani, na kibali cha kurusha hakikuhusu kuhifadhi.