Chanjo au Sindano? Mama na Ajue Asemalo

Keti asubuhi moja kwenye benchi la kliniki yoyote ya watoto katika pwani yetu, usikilize. Mama mmoja atasema amemleta mwanawe achanjwe. Wa pili atasema wake amekuja kudungwa sindano. Wa tatu, aliyekulia Tanga na kuolewa Mombasa, atasema mtoto anachomwa leo. Na bibi aliyemsindikiza mjukuu atasema mtoto anapigwa sindano. Wote wanne wamejia jambo moja, na kila mmoja amesema Kiswahili kilicho sahihi kwao. Hata hivyo, maneno hayo manne hayana uzito mmoja, na tofauti iliyomo ndani yake yaweza kumkosesha mtoto kinga anayostahili.

Tuanze na lililo kongwe. Kuchanja, kwa asili yake, ni kukata au kupasua. Twachanja kuni. Mganga huchanja chale. Mwenye kuumika huichanja ngozi ili chuku ivute damu. Kinga ya ndui nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo: ngozi ya mkono ilikwaruzwa au kutobolewa juu juu, dawa ikapenya papo hapo. Ndipo neno la kukata likawa neno la kukinga, na tukapata chanjo. Wengi katika wazee wetu wangali na kovu la siku hizo mkononi.

Ilimu hiyo haikuanza Ulaya. Mwaka 1717 Lady Mary Wortley Montagu, mke wa balozi wa Uingereza katika dola ya Uthmaniya, aliwaona wanawake wazee wa huko wakikwaruza ngozi za watoto na kuzitia usaha kidogo wa ndui, ili wapate ugonjwa mwepesi na wasalimike na ule mzito. Aliandika habari hiyo kwao, na mwanawe mwenyewe akamfanyia hivyo. Mwaka 1796 Edward Jenner akatumia ndui ya ng'ombe, iliyo nyepesi zaidi, na kwa ajili hiyo Wazungu wakaipa chanjo jina linalotokana na neno la Kilatini la ng'ombe. Wao wakamtaja mnyama. Sisi tukataja mkato.

Waarabu nao wana majina yao. Husema tat'im, neno la mzizi mmoja na lile la chakula. Husema pia talqih, ambalo ni neno la kupandishia mitende ili izae. Na husema tahsin, yaani kutia ndani ya ngome. Hili la mwisho si geni kwetu. Mzizi wake ndio uliotupa neno husuni, kama Husuni Kubwa ya Kilwa, na ndio uliomo katika Hisnul Muslim, kitabu cha adhkari kinachopatikana katika nyumba zetu nyingi. Mahujaji wetu wanaotakiwa kuchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kuingia Saudia, wakiyaona maneno haya katika karatasi za huko, na wajue kuwa ni chanjo ile ile.

Turudi bencini. Maneno mengine matatu yametokana na sindano. Kudunga ni kutoboa, na ndilo lililoenea sana Kenya. Kuchoma ndilo lililozoeleka Tanzania. Kwetu pia mwiba huchoma, lakini mtu wa bara la Kenya akiambiwa kwa simu kuwa mtoto amechomwa, na sindano haikutajwa, atauliza moto ulitoka wapi. Kupiga sindano hueleweka pande zote mbili za mpaka. Hapana ubaya katika lolote kati ya hayo. Upungufu wake ni kwamba yanaeleza tendo la sindano, wala hayaelezi kilichomo ndani yake.

Hapo ndipo penye hatari. Sindano iko ya tiba na iko ya kinga. Mtoto aliyeugua malaria huenda akadungwa siku mbili au tatu mfululizo, mama akarudi nyumbani akisema mwanangu amedungwa sana mwezi huu. Miezi ikipita, shangazi aliyeachiwa mtoto akaulizwa na muuguzi kama amechanjwa, atajibu kwa moyo safi: naam, amedungwa. Hakusema uongo. Lakini sindano ya malaria haimkingi mtoto na pepopunda, wala na kifaduro, wala na dondakoo.

Kuna na upande wa pili. Chanjo ya polio hutolewa pia kwa matone ya mdomoni, na ile ya ugonjwa wa kuhara unaoletwa na virusi vya rota hunyweshwa vivyo hivyo. Mama aliyezoea kuwa chanjo ni sindano atasema, leo hakufanyiwa kitu, amepewa matone tu. Matone hayo ni chanjo kamili. Neno liliacha wembe zamani, likaingia katika sindano, na sasa limo katika tone. Lililobaki ndani yake ni maana ya kinga.

Na kwa kuwa neno la kuchanja linatumika pia kwa chale, hapana budi tuseme wazi. Mtoto aliyechanjwa chale na mganga, zikapakwa dawa ya kumzindika, hakuchanjwa. Neno ni moja, jambo ni mbali na jambo. Chale hazizuii ukambi, na wembe uliopita kwa watu wengi waweza kuleta homa ya ini au pepopunda yenyewe.

Nimeutaja ukambi, na jina hili lataka uangalifu wa peke yake. Ugonjwa ambao Kenya huitwa ukambi, Tanzania Bara na Visiwani huitwa surua, na katika pwani yetu majina yote mawili husikika. Ratiba za nchi zote mbili humpa mtoto chanjo yake akiwa na miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18, pamoja na ile ya rubela. Sasa mfikirie mama aliyehama Unguja na mtoto wa mwaka mmoja. Anaambiwa mtoto arudi kwa chanjo ya pili ya ukambi. Akilini mwake, mtoto alikwisha pata ya surua, na huu ukambi ni ugonjwa mwingine ambao hakupata hata chanjo yake ya kwanza. Huenda akastaajabu, huenda akaogopa, huenda asirudi. Neno moja la muuguzi, kwamba ukambi ndio surua, lingemtuliza. Na tetekuwanga si katika hayo. Huo ni ugonjwa mbali.

Lugha pia hujenga hofu. Mara ngapi twasikia mtoto akitishwa: usiponyamaza nitakupeleka kwa daktari akudunge! Hivyo kinga ikageuzwa adhabu. Mtu wa mwisho kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida duniani hakuwa mbali nasi. Alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, mji wa mwambao wa Somalia ulio kaskazini ya Barawa. Aliugua Oktoba 1977. Alifanya kazi hospitalini na chanjo ilikuwa karibu naye, lakini baadaye alieleza kuwa aliiepuka kwa kuogopa maumivu. Mwenyezi Mungu alimponya, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imekwisha ulimwenguni. Naye uzeeni akawa akiwahimiza wazazi wa Somalia wawape watoto wao chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013. Hofu ile ilimfika mtu mzima. Tusiipande katika vifua vya watoto.

Basi ushauri wangu kwa akina mama, na kwa akina baba wanaowaachia mama peke yao jambo hili, ni huu. Semeni dunga, choma au piga kama mlivyozoea, lakini mtoto akiwa wa kinga, litajeni neno chanjo, na mlifuatishe jina la ugonjwa: chanjo ya polio, chanjo ya kifua kikuu, chanjo ya ukambi. Muulizeni muuguzi, hii ni ya nini, na nyingine ni lini? Kitabu cha kliniki kiwekwe pale zinapowekwa hati za nyumba, na kisafiri pamoja na mtoto, awe anakwenda Lamu kwa bibi au Tanga kwa babu. Ulimi husahau, na jina hubadilika mpakani. Tarehe iliyoandikwa haibadiliki.

Wala asiseme mtu kuwa haya yapingana na kutawakali. Mtume wetu (s.a.w.) alimfundisha yule mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee. Mtoto ni amana, na amana hutunzwa kwa dua na kwa sababu pamoja. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape afya wazazi wao, na awalipe kheri wote wanaowahudumia. Amin.