Usihesabu Mchicha, Hesabu Ulichoungia

Swali huja kwa sura ileile. Mtu ameamua kupunguza uzito, ameweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, ameandika ugali, ameandika samaki, akafika kwenye mchicha akasita: na huu nao uandikwe? Kuuliza hivyo si kosa. Kosa ni sababu inayoambatana na swali hilo karibu kila mara, kwamba mboga za majani zina “kalori hasi”, yaani mwili hutumia nishati nyingi zaidi kuzisaga kuliko ile zinayoleta, kwa hiyo kadiri unavyozila ndivyo unavyokonda. Imani hii imekanushwa mara nyingi, lakini bado inatembea kwenye makundi ya simu na kwenye maduka ya dawa za kienyeji. Ndiyo inayouza juisi za matango, selari na limau kwa watu wanaotaka kukata kitambi, na ndiyo inayomfanya mtu mwaminifu kabisa aandike sifuri mahali penye kalori mia mbili. Kwa hiyo tuanze nayo.

Ni kweli kwamba kusaga chakula kunagharimu nishati. Kwa mlo wa kawaida wenye mchanganyiko, gharama hiyo ni kama asilimia 10 ya nishati iliyoliwa. Protini ndiyo ghali kuliko zote, asilimia 20 hadi 30. Wanga ni asilimia 5 hadi 10. Mafuta hayafiki hata asilimia 3. Sasa chukua tango, kipenzi cha waumini wa kalori hasi. Gramu 100 za tango zina kalori kama 15. Tulipendelee tango kuliko linavyostahili, tulipe gharama ya juu kabisa inayojulikana, asilimia 30, kana kwamba ni protini tupu: mwili utatumia kalori zisizofika 5, na zaidi ya 10 zitabaki kwako. Ili tango liwe na kalori hasi, gharama ya kulisaga ingepaswa kuvuka asilimia 100, na hakuna chakula chochote kinachokaribia hapo. Wengine hukimbilia kwenye kutafuna. Nako kumepimwa: mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima watu wakitafuna ubani na kukuta ongezeko la kalori kama 11 kwa saa nzima. Kuziunguza kalori za tango hilo kwa kutafuna peke yake kungehitaji zaidi ya saa moja ya taya zisizopumzika, kwa gramu 100 tu.

Selari, mboga inayotajwa kuliko zote katika hadithi hii, nayo imejaribiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama waliwalisha mijusi wa Australia selari mbichi, wakapima gharama ya usagaji na nishati iliyopotea kwenye kinyesi na mkojo. Baada ya kuondoa yote hayo, mijusi walibaki na takriban robo ya nishati iliyokuwa kwenye selari. Mjusi si mtu, nakubali, lakini aliyedai kwamba selari hula nishati ya anayeila hakuwahi kuonyesha kipimo chochote, wala cha mtu wala cha mjusi.

Hapo huja pingamizi lenye akili zaidi: nyuzinyuzi hazisagwi, na mboga ni nyuzinyuzi na maji, basi kalori zinatoka wapi? Utumbo mdogo kweli hauziwezi. Lakini utumbo mpana una bakteria wanaozichachusha na kutoa asidi ambazo mwili hufyonza na kuzitumia, ndiyo maana katika hesabu za lishe nyuzinyuzi hukadiriwa kutoa kalori 2 kwa gramu, nusu ya wanga wa kawaida. Ng'ombe hunenepa kwa majani kwa sababu ana tumbo lililoumbwa kwa kazi hiyo. Sisi tuna uwezo huohuo kwa kiasi kidogo sana. Kidogo si sifuri, na hakika si hasi.

Juisi ya kijani ni mbaya zaidi kuliko imani iliyoizaa. Ukisaga tango na kuchuja, umeondoa nyuzinyuzi na umeondoa kutafuna, yaani vitu vilevile vinavyofanya mboga ishibishe. Asidi ya limau haiendi kuyeyusha mafuta chini ya ngozi. Inaingia tumboni, ambako tayari kuna asidi kali kuliko yake. Na mafuta ya mwilini hayatoki kwa haja, kama wauzaji wanavyoeleza. Mwaka 2014 watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown walionyesha katika jarida la tiba la BMJ kwamba kilo 10 za mafuta zikiunguzwa mwilini, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni na kilo 1.6 huwa maji. Anayekwenda haja mara nyingi baada ya kunywa juisi hajatoa mafuta. Ametoa maji na kinyesi, na mizani itamrudishia uzito wake akinywa na kula kama kawaida. Kumuuzia mtu mwenye kisukari au shinikizo la damu chupa ya juisi hiyo badala ya ushauri wa kweli ni kumdhulumu afya na fedha.

Basi mboga zihesabiwe? Inategemea zimefikaje kwenye sahani. Mchicha mbichi una kalori kama 23 kwa gramu 100, sukuma wiki kama 32, nyanya 18, kabichi 25. Lakini wengi wetu hatuli mchicha mbichi, wala hatuli chukuchuku. Tunaunga. Chukua sufuria ya watu wanne: mchicha nusu kilo, kalori 115, kitunguu cha gramu 100, kalori 40, nyanya gramu 200, kalori 36. Jumla ya mboga zote ni 191. Sasa weka vijiko viwili vikubwa vya mafuta, kalori 240, na kikombe kimoja cha tui zito, kalori kama 550. Sufuria imefika 981, na kila mlaji amepata kama 245, na kati ya hizo mboga zenyewe zimechangia 48 tu. Kisamvu chenye nazi na karanga za kusaga hupanda zaidi ya hapo, kwa kuwa karanga zina kalori zaidi ya 560 kwa gramu 100. Mtu akiandika sifuri kwa kuwa “ni mboga tu”, mchana na jioni, ameficha karibu kalori 500, kisha anashangaa mizani haisogei. Tafiti zinakubali. Mwaka 2004 mtafiti Barbara Rolls na wenzake Marekani waliwapa wanawake saladi kabla ya chakula. Saladi kubwa yenye kalori chache ilipunguza nishati ya mlo mzima kwa asilimia 12. Saladi ya ukubwa uleule iliyojazwa jibini na mchuzi wa mafuta iliongeza kwa asilimia 17.

Wapo watakaosema programu mashuhuri za kupunguza uzito, kama ile ya Weight Watchers, huzipa mboga nyingi pointi sifuri. Ni kweli, na ni uamuzi mzuri wa kuwahimiza watu wale mboga, lakini sifuri hiyo ni ya mboga, mafuta yana pointi zake. Na wapo wa upande wa pili, wanaotaka kila jani lipimwe. Hao wanadai usahihi ambao chombo hakina. Lebo za vyakula Marekani zinaruhusiwa kupishana na ukweli hadi kwa asilimia 20. Utafiti uliofanyika New York na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta watu waliodai kula chini ya kalori 1,200 bila kupungua walikuwa wakitaja pungufu kwa wastani wa asilimia 47. Kwenye kosa kubwa hivyo, kalori 48 za majani hazionekani.

Kwa vitendo: andika mafuta, tui na karanga kila mara, kwa kijiko na kikombe, kabla havijaingia sufuriani. Kwa majani, nyanya, bamia, biringanya na kabichi, ama uache, ama uweke kalori 50 kwa kila mlo, ila usibadilishe utaratibu katikati. Kachumbari isiyo na mafuta, acha. Viazi, mihogo, ndizi za kupika, mahindi mabichi, njegere na parachichi andika bila mjadala. Hata Shirika la Afya Duniani, likisema tule angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, halihesabu viazi wala mihogo. Chagua takwimu za majedwali ya vyakula ya Tanzania ya 2008 au ya Kenya ya 2018 kuliko za programu iliyoandikwa kwa majiko ya Ulaya. Ukitaka kupunguza, punguza tui, usipunguze mchicha.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto wanaokua na yeyote aliyewahi kujinyima chakula hadi kuugua wasihesabu kalori bila mtaalamu. Anayemeza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiongeze wala kupunguza mboga za majani ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo huathiri dawa hiyo, na mgonjwa wa figo ana mipaka yake ya potasiamu. Hao waende kwa afisa lishe wa wilaya au kwa daktari anayewatibu, na waende na orodha ya wanachokula kweli, mafuta yakiwemo.