BAWABU WA MTANDAO WETU

Wengi wameniuliza, "Kwani jarida la chama linasomekaje nyumbani ilhali seva yake imefungiwa maabarani?" Hebu niwaeleze.

Seva yetu ina anwani 192.168.1.10. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu, mfano wa jina la utani la nyumbani. Tarishi wa posta hawezi kukupata kwalo. Huko nje huonekana anwani moja pekee, ya kompyuta ya Linux iliyosimama langoni. Hiyo ndiyo fayawoli, yaani bawabu wetu.

Kila kompyuta ina milango yenye nambari, kuanzia 0 hadi 65535, iitwayo poti. Kurasa za tovuti kwa desturi hupitia poti 80 au 443.

Bawabu huhitaji mambo matatu. Kwanza, ip_forward iwe 1, ndipo akubali kupitisha pakiti zisizo zake. Pili, katika PREROUTING ya iptables aambiwe hivi: anayebisha poti 8080, mpeleke 192.168.1.10, poti 80. Kazi hii huitwa DNAT. Tatu, FORWARD imruhusu mgeni huyo apite na majibu yarudi. Iptables ilikuja na Linux 2.4 mwaka 2001. Tangu 2014 kuna nftables pia, lakini mantiki ni ile ile.

Basi hapo kwenye FORWARD ndipo tulipokwama siku mbili nzima! Tuliandika 8080. Kumbe pakiti ikifika pale imeshabadilishwa, nambari yake ni 80. Bawabu alikuwa akimngoja mgeni aliyekwisha badilisha jina! Tuliporekebisha, jarida likafunguka. Seva nayo sharti itokee kwa bawabu huyo huyo, la sivyo majibu yatapotea njiani.

Wenzangu wengine walisema, "Si tufungue poti zote tu, tusisumbuke?" Mlezi wa chama alikataa katakata. Mtandao huo huo una alama zetu za mitihani. Tukafungua poti moja, kwa seva moja, basi. Na hata hiyo moja ni mlango: programu ya seva ikiwa na kasoro, mwizi ataingilia hapo, kisha azifikie kompyuta nyingine. Ndiyo sababu tunaisasisha kila mara.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.