Je, Wajua? Saa ya Mkimbiaji Haipimi Joto la Ndani ya Mwili

Sheria za riadha duniani humruhusu mkimbiaji kuvaa saa inayopima mapigo ya moyo na kasi yake, mradi isimwezeshe kuwasiliana na mtu yeyote. Simu na redio ni marufuku.

Usalama kwenye joto ni jambo jingine. Nakuru, nchini Kenya, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo kuna baridi zaidi. Anayefanya mazoezi kwenye baridi ya huko hukutana na joto kali anaposhindana ugenini. Mjini Doha, Qatar, katika mashindano ya dunia ya riadha ya mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane, na bado joto lilizidi nyuzi 30. Walianza 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43. Katika mashindano hayo baadhi ya wanariadha walimeza vidonge vyenye kipimajoto, kwa kuwa saa ya mkononi hugusa ngozi tu.

Joto la ndani likipita nyuzi 40 na mkimbiaji akaanza kuchanganyikiwa, atumbukizwe kwenye maji ya barafu papo hapo, kabla ya kukimbizwa hospitalini.