Magnesiamu na Dawa za Daktari: Zisikutane Tumboni

Hebu tumfikirie mfanyakazi mmoja wa kiwandani. Amerudi nyumbani usiku baada ya zamu, amekula chakula chenye mafuta mengi, na sasa kifua kinamwaka kwa kiungulia. Juu ya kabati pana vidonge vyeupe vya magnesiamu. Anatafuna viwili. Papo hapo anakumbuka kwamba saa ya kumeza dawa aliyopewa hospitali imewadia. Anaimeza kwa maji, anazima taa na kulala. Asubuhi kiungulia kimekwisha, naye anaamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Kumbe huenda sehemu kubwa ya dawa ile ya hospitali haikuingia katika damu yake. Wala hapakuwa na dalili ya kumwonya: hakutapika, hakuumwa kichwa, hakutokwa na upele. Hasara ya namna hii huja kimya kimya, nayo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

MADINI YENYE FAIDA

Magnesiamu si sumu. Ni madini ambayo mwili hauwezi kuishi bila hayo, kwani husaidia kazi ya misuli, neva na mapigo ya moyo. Hospitalini, mama mjamzito aliyepatwa na kifafa cha mimba hudungwa sindano ya chumvi ya madini hayo ili kuzuia degedege, na wengi wameokolewa kwa njia hiyo.

Madini haya tunayala kila siku. Yamo katika mchicha, maharage, kunde, karanga, korosho, mbegu za maboga na unga wa dona, ambao haukuondolewa pumba wala kiini. Mtu mzima mwenye afya njema anayekula vyakula hivi mara kwa mara, aghalabu hana haja ya kununua vidonge vya kuongezea.

Hata hivyo, vidonge hivyo hununuliwa. Wapo wanaovitumia kwa ajili ya kukakamaa kwa misuli au kukosa usingizi. Wengine hupata magnesiamu bila kuitambua: katika dawa nyingi za kiungulia, za kutafuna na za maji, na katika chumvi ya haluli inywewayo na wenye kufunga choo. Kwa kuwa vitu hivi hupatikana dukani bila cheti cha daktari, wengi hawavihesabu kuwa ni dawa. Daktari anapowauliza, "Unatumia dawa gani nyingine?" hujibu, "Hakuna."

KINACHOTOKEA TUMBONI

Dawa tunayomeza hainufaishi mpaka ipenye ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Baadhi ya dawa zinapokutana na magnesiamu hushikamana nayo, mithili ya watu wawili walioshikana mikono wakataka kupita pamoja katika mlango mwembamba. Hawapiti. Dawa hubaki ndani ya utumbo, na hatimaye hutoka pamoja na choo.

Miongoni mwa dawa hizo ni siprofloksasini, ambayo hutumika kutibu maradhi kadhaa yaletwayo na bakteria, pamoja na doksisaiklini na tetrasaiklini. Dawa ikipungua katika damu, bakteria hawafi wote. Mgonjwa hudhani kwamba dawa ni hafifu, kumbe aliizuia mwenyewe mlangoni.

Nyingine ni dolutegraviri, ambayo tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limeipendekeza iwe miongoni mwa dawa za kwanza kupewa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Kwa anayeitumia, jambo hili ni zito, kwa maana dawa ikipungua katika damu mara kwa mara, virusi hupata nafasi ya kuzaana tena.

Wenye maradhi ya tezi ya shingo wanaotumia levothairoksini nao wanahusika. Wanashauriwa kuitenganisha na dawa za kiungulia zenye magnesiamu kwa saa 4.

SAA NDIYO KINGA

Jambo la kutia moyo ni kwamba mara nyingi si lazima kuacha kimojawapo. Yatosha kuvitenganisha. Kwa dolutegraviri na siprofloksasini, kanuni ni hii: ukimeza dawa ya daktari kwanza, ngoja saa 2 ndipo utumie magnesiamu. Ukiwa umetanguliza magnesiamu, ngoja saa 6.

Tuseme unameza dolutegraviri saa 3 usiku. Basi mwisho wa kutumia magnesiamu ni saa 9 alasiri. Usipowahi, subiri hadi saa 5 usiku. Anayemeza siprofloksasini mara mbili, yaani saa 1 asubuhi na saa 1 usiku, ana nafasi kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana. Akiona ratiba hiyo inamchanganya, amwulize daktari kama anaweza kuiweka kando magnesiamu mpaka amalize dozi.

Lakini yupo mtu ambaye saa hazimsaidii: mwenye figo dhaifu. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu iliyozidi. Zikishindwa, madini hayo hulimbikizana katika damu, na yakizidi mno huleta ulegevu wa misuli, kushuka kwa shinikizo la damu, taabu ya kupumua, hata moyo kusimama. Mtu huyu asitumie vidonge hivi, dawa za kiungulia zenye magnesiamu wala chumvi ya haluli bila ruhusa ya daktari wake.

Kwa upande mwingine, zipo dawa zinazopunguza magnesiamu mwilini. Baadhi ya dawa za kuongeza mkojo wanazopewa wenye shinikizo la damu, kama frusemidi, huitoa kwa njia ya mkojo. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ikitumika kwa muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, yaweza pia kuishusha. Mtu huyo huenda kweli akahitaji kuongezewa, lakini damu ndiyo ipimwe kwanza. Asijiandikie tiba mwenyewe, wala asiache dawa ya daktari kwa hofu.

KABLA HUJAMEZA

Ukienda hospitali au dukani kununua dawa, chukua kila kitu unachotumia, pamoja na vile vidonge vya kutafuna na ile chupa ya dawa ya tumbo. Mwonyeshe mfamasia na umwulize, "Hii na hii nizimeze kwa saa ngapi?" Hilo ni swali lenye maana, nawe usione haya kuliuliza. Kisha andika saa hizo kwenye karatasi na uibandike mahali mnapoweka dawa, ili hata mwenzako au mtoto mkubwa aweze kukukumbusha.

Na yule mfanyakazi wetu? Usiku mwingine kiungulia kikimshika, atameza kwanza dawa ya hospitali, akae kitako kwa saa 2 akizungumza na jamaa zake, ndipo atafune vidonge vyake na kulala. Kiungulia kitakuwa kimemsumbua kidogo zaidi, lakini dawa yake itakuwa imepata njia.