Kauri Inayopitisha Mwanga

Ni rahisi kudhani kwamba kila kinachopitisha mwanga ni kioo. Zile taa za manjano zilizomulika barabara za miji yetu kwa miaka mingi zinakanusha hilo. Ndani ya globu ya kila taa mna kijibomba cheupe kinachotoshana na kidole. Hicho ni kauri, jamaa ya mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye kaburi la mnara pale Mambrui, kaskazini ya Malindi.

Kauri ni unga uliokandamizwa ukaokwa hadi chembe zake zikashikana. Kinachoutia giza ni hewa: vitundu vidogo mno vilivyosalia kati ya chembe, kila kimoja kikiutawanya mwanga. Mafundi wa China walioka kauri yao kwa nyuzi 1,300 hivi, sehemu ya udongo ikayeyuka na kuviziba vitundu. Ndiyo maana bakuli jembamba likiinuliwa juani huonyesha kivuli cha vidole.

Alumina, yaani oksidi ya aluminiamu, kauri ya kile kijibomba cha taa, ni kaidi zaidi, haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 2,000. Ikiokwa, chembe zake hukua mbio, zikavimeza vitundu. Na kitundu kikishakuwa tumboni mwa chembe, hewa yake haitoki tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Coble wa General Electric, Marekani, alichanganya humo magnesia (oksidi ya magnesiamu) kidogo sana, chini ya asilimia 1. Chembe zikapunguza mwendo, vitundu vikabaki mipakani mwake, navyo vikapata njia ya kusinyaa hadi kwisha. Tanuri alilijaza haidrojeni, gesi inayopenya na kutoka kwa urahisi. Hataza yake ilitolewa 1962. Bila kijibomba hicho taa hizo za manjano zisingewezekana, kwa kuwa mvuke wa sodiamu wenye moto mkali hula kioo.

Siku hizi unga huweza kukandamizwa huku kalibu yake ikipitishiwa umeme mwingi, kazi ya saa nyingi ikamalizika kwa dakika. Kauri zinazopitisha mwanga sasa hutumika katika leza, madirisha ya kuzuia risasi, vipokezi vya mashine za CT, hata vibanio vya kunyooshea meno.

Barabarani, sasa LED zinachukua nafasi ya zile taa za manjano. Nyingi kati ya zinazoshushwa zina zebaki ndani. Kaunti ya Kilifi, iliko Mambrui, izikusanye kando, zisivunjwe jaani wanakopita watoto na mbuzi.